Bitana ya Koti la Vahani

Gicheru alikuwa fundi wa cherehani mwenye mkono mwepesi na roho nzito. Mkono ulimpatia sifa kutoka Nyeri mjini mpaka Karatina. Roho ndiyo iliyomletea aibu mwezi wa Aprili, mwaka wa 1965, alipomwonea wivu mzee mmoja wa Nanyuki ambaye hawakuwa wamesalimiana hata siku moja.

Tajiri wake alikuwa Mzee Garabedi, Mwarmenia. Usijilaumu kama hujui Mwarmenia ni mtu gani. Nyeri nzima haikujua. Wazungu walimhesabu kuwa Mhindi, Wahindi wakamhesabu kuwa Mwarabu, na akina mama wa sokoni walimwita Mzungu asiyeringa. Mwenyewe akiulizwa alisema ametoka mji ambao majirani wake wote walikufa mwaka mmoja. Ilikuwa 1915, serikali ya Waturuki ilipowafukuza watu wake makwao na kuwaulia njiani. Yeye alikuwa mtoto wa miaka tisa. Alilelewa katika nyumba ya mayatima huko Aleppo, akafundishwa kushona, akaenda Addis Ababa, na vita vya pili vya dunia vikamtupa Kenya. Hakuoa. Alikuwa na duka lake, pasi yake ya makaa, na Gicheru.

Gicheru aliingia katika duka hilo akiwa kijana mwaka wa 1951. Mwaka wa 1954, wakati wa vita vya Mau Mau, alikamatwa na kupelekwa kizuizini Manyani, akakaa miaka mitatu. Aliporudi, mwembamba, bila viatu, alikuta cherehani yake imefunikwa shuka safi. Ilikuwa imetiwa mafuta. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa ameikalia.

"Nilijua utarudi," Garabedi alimwambia. "Sikuweka mtu."

Tangu siku hiyo Gicheru alimpenda mzee yule kupita kiasi, na mtu anayependa kupita kiasi huanza kuhesabu wengine wanaopendwa. Kwa miaka minane hakukuwa na wa kuhesabu. Kila tarehe ishirini na nne Aprili, siku ambayo Waarmenia huwakumbuka wafu wao, Garabedi alichinja kondoo, akapika nyama na ngano iliyokobolewa katika sufuria kubwa nyuma ya duka. Chakula hicho kwao ni harisa. Hukorogwa tangu alfajiri kwa mwiko mrefu mpaka nyama na ngano zishikane, usiweze kusema hii ni nini na hii ni nini, kisha hugawiwa majirani. Na haikorogwi na mtu mmoja. Mmoja akichoka, mwenzake hupokea mwiko kabla haujasimama. Kwa miaka minane, mwenzake Garabedi alikuwa Gicheru.

Sasa huyo wa Nanyuki. Aliitwa Vahani, fundi wa saa. Alikuwa Mwarmenia pia, wa mji uleule, wa mtaa uleule. Kule kwenye nyumba ya mayatima walilala kitanda kimoja. Waarmenia wawili tu katika Mlima Kenya mzima, na ungedhani wangeishi chumba kimoja. Walikuwa hawajaongea kwa miaka kumi na minane.

Walikosana kwa ajili ya siasa. Nchi yao ilikuwa imepata uhuru mwaka wa 1918, ikawa jamhuri yenye bendera ya nyekundu, bluu na rangi ya chungwa, na baada ya miaka miwili tu Warusi wa Kikomunisti wakaichukua. Garabedi alikuwa wa chama cha bendera ile, na alisema nchi iliyofungwa mlango si nchi. Vahani alikuwa wa upande wa pili, na alisema ardhi yoyote iliyobaki na jina lao ni nyumbani, hata kama Mrusi ndiye anayeshika ufunguo. Mwaka wa 1947 Warusi walipowaita Waarmenia wote duniani warudi, Vahani alikusanya majina ya wa kwenda. Garabedi alimwambia mbele ya watu kwamba anauza mayatima kwa mara ya pili. Vahani akamjibu, "Wewe unapenda kitambaa kuliko ardhi." Basi. Hata kanisa lao baadaye liligawanyika kwa mambo hayohayo, na kila mmoja akawa na askofu wake wa kumtukania mwenzake.

Gicheru aliyajua haya yote kwa sababu Garabedi mwenyewe alimsimulia. Ilikuwa Novemba 1963, walipopata kazi ya kushona bendera mpya za Kenya kwa ajili ya sherehe za uhuru. Mzee alishika ile nyeusi, nyekundu na kijani, akaipapasa, kisha akafungua droo ya chini na kutoa kitambaa cha zamani cha rangi tatu. "Yetu iliishi miaka mbili," alisema. "Na Vahani akiona hii, ni kama umemtemea mate kwa uso." Gicheru aliliweka neno hilo. Wakati huo hakujua analiwekea nini.

Barua ilikuja kutoka Beirut mwezi wa Machi. Miaka hamsini ilikuwa inatimia tangu mwaka wa mauaji, na vyama vyote vya Waarmenia, vilivyokuwa vikitiana visu, vilikuwa vimekubaliana kukaa meza moja siku hiyo. Garabedi aliisoma amesimama. Akaisoma tena ameketi. Kesho yake alivaa kofia, akapanda basi la Nanyuki, na jioni akarudi uso wake umebadilika.

"Vahani atakuja," alisema. "Hakuna bendera, hakuna nyimbo ya chama. Tutasoma majina ya wafu, tutakula. Yeye ataleta ngano ya Timau." Kisha akaongeza, kama mtu anayetoa habari njema, "Na mwaka huu wewe utakaa kwa kiti, Gicheru. Mwiko, mimi na Vahani tutashika."

Gicheru alisema, "Sawa, mzee." Moyoni haikuwa sawa hata kidogo. Miaka minane mikono yake ilikuwa imeshika mwiko ule, moshi umemwingia machoni, na leo mtu aliyemtukana mzee miaka kumi na minane iliyopita anapewa mwiko kwa kupanda basi tu.

Mambo yakazidi. Garabedi aliamua kumshonea Vahani koti la sherehe. Alichagua sufu nzito ya kijivu, aliyoiweka tangu kabla ya uhuru na aliyokataa kumuuzia hata mkuu wa wilaya. Alilikata mwenyewe. Vipimo alivitoa kichwani. "Bega lake la kushoto liko chini," alisema akitabasamu. "Alianguka kutoka kwa ukuta tukiiba zabibu." Gicheru naye alikuwa na bega lake, lililopigwa kitako cha bunduki Manyani, na hakuna aliyewahi kulikatia koti. Hata matundu ya vifungo, ambayo siku zote yalikuwa kazi ya Gicheru, mzee aliyashona mwenyewe, polepole, macho yamekaribia kitambaa, huku akiimba kwa sauti ya chini wimbo ambao Gicheru hakuwahi kuusikia. Miaka kumi na minne katika chumba kimoja, kumbe mzee anajua kuimba.

Nyumbani Ruring'u, mkewe Watiri alimwona anasukuma sahani.

"Baba Ngendo, ni nini?"

Akamweleza. Watiri alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka.

"Wewe uko na ndugu ya tumbo moja hapo Chaka. Wamae. Kwa sababu yeye alikuwa home guard wa Wazungu na wewe ukapelekwa Manyani, ati hamjasalimiana miaka kumi na moja. Sasa unaonea mzee wa watu wivu kwa sababu anasalimia wake."

"Hiyo ni maneno ingine."

"Haya. Kula."

Hakula. Mwanamke akikusoma hivyo, chakula kinapita wapi?

Jumatano ya wiki ile ya sherehe, Garabedi alikwenda Karatina kutafuta kondoo. Kabla ya kutoka alimwekea Gicheru koti mezani. Lilikuwa limekwisha, isipokuwa bitana, kitambaa cha ndani.

"Macho yangu imechoka," alisema. "Weka bitana wewe. Ile ya kijivu. Ukimaliza, piga pasi, funga kwa karatasi."

Hiyo ndiyo sehemu aliyoachiwa: ndani, pasipoonekana. Gicheru alilifungua koti. Kifuani upande wa kushoto, juu ya kanvasi, kile kitambaa kigumu kinachoshikilia umbo la koti, mzee alikuwa ameshona kwa uzi mweupe mistari mitano ya maandishi ya kwao, herufi zilizopinda kama kulabu. Gicheru hakuweza kusoma hata moja. Alidhani ni sala, au salamu za siri za watu wawili waliolala kitanda kimoja. Wivu ulimpanda. Aliikunja ile bitana ya kijivu, akairudisha rafuni.

Vipande vyekundu na vya bluu vilikuwepo tele, masalio ya sare za shule. Rangi ya chungwa aliikata kwenye majoho ya kwaya moja ya Ruring'u. Aliviunga vipande vitatu kwa upana, nyekundu juu, bluu katikati, chungwa chini, akavikata kwa kigezo cha koti, akavipiga bandi, ile mishono mirefu ya muda, juu ya kanvasi ili visitembee, kisha akazungusha mshono wa mkono mwembamba kuliko wote aliowahi kushona maishani. Maana hata kwenye uovu fundi ni fundi. Ilipofika saa tisa alikuwa amepiga pasi, amelifunga karatasi na kulikaza kamba. Alipomsikia mzee mlangoni akimbembeleza kondoo, alilisukuma furushi mwisho wa meza.

Jumamosi mvua ya masika ilipumzika asubuhi. Sufuria ilikuwa juu ya moto tangu alfajiri, Garabedi akikoroga huku akimngoja Vahani, na Gicheru alikuwa ameketi kwenye kiti alichowekewa, kiti chenye mto. Vahani alishuka katika basi saa nne, mzee mdogo wa umbo, bega la kushoto kweli liko chini. Alikuwa amebeba ngano ya kuongezea katika mfuko wa kitambaa. Wazee wale wawili walisimama wakitazamana. Hawakukumbatiana. Garabedi alimnyoshea mwiko, Vahani akaupokea, akaanza kukoroga, na baada ya muda machozi yalimdondoka bila sauti, akawa anakoroga tu. Garabedi aliweka mkono juu ya mkono wake na wakakoroga pamoja.

Gicheru aliyaona hayo yote kutoka kwenye kiti chake. Kwa kitambo kidogo alitaka kukimbia ndani, alichukue lile koti, alichome. Angeweza. Duka lilikuwa hatua kumi. Lakini Vahani alisema jambo kwa lugha yao, Garabedi akacheka kicheko cha mtoto, kicheko ambacho Gicheru hakuwahi kukisababisha hata mara moja. Basi akabaki ameketi.

Garabedi mwenyewe ndiye aliyelileta. Alilifungua karatasi mbele ya majirani, akalishika mabegani kama fundi anavyomshikia mteja, Vahani akageuka kuingiza mkono. Koti likafunguka.

Nyekundu, bluu, chungwa.

Vahani aliutoa mkono taratibu. Hakupiga kelele. Alisema kwa Kiswahili, ili watu wote wasikie, "Garabedi, umeita mimi nivae bendera yako mgongoni." Akauweka chini mwiko aliokuwa bado ameushika kwa mkono wa pili, akavaa kofia, akatoka nje ya ua akielekea stendi. Koti lilikuwa limeanguka kwenye matope.

Garabedi hakumfuata. Aliliokota koti. Alipindua ncha ya bitana, akalisogeza karibu na macho yake yaliyochoka, akautazama mshono kwa muda mrefu. Ni yeye aliyefundisha mshono huo, na alikuwa ameufundisha mtu mmoja tu.

"Hii ni mkono yako," alisema.

"Ni yangu, mzee."

"Kwa nini?"

Gicheru alikuwa na umri wa miaka thelathini na sita, ana mke na watoto watatu, na jibu lililomtoka lilikuwa la mtoto. "Ulimpatia mwiko yangu."

Harisa ilianza kunukia kuungua. Garabedi aliuokota mwiko, akaupangusa kwenye aproni yake, akamkabidhi.

"Chukua," alisema. "Koroga."

Alikoroga peke yake mpaka adhuhuri. Hakuna aliyempokea. Garabedi aliketi kwenye kiti chenye mto, uso ameuelekeza ukutani, na majirani walikuja na bakuli zao, wakapewa, wakaondoka wakinong'ona. Gicheru aliupata mwiko wake. Mikono ilimuuma siku tatu.

Alitegemea kufukuzwa kazi. Jumatatu alipofika, koti lilikuwa mezani kwake, limesafishwa matope.

"Fumua bitana," Garabedi alisema bila kuinua kichwa. "Usiweke ingine. Peleka Nanyuki hivyo, wazi, na umwambie ukweli."

Gicheru alifumua. Alibeba koti katika karatasi, na mkebe wa harisa ambayo mzee alikuwa ameihifadhi, akapanda basi. Basi liliposimama Chaka aliangalia upande wa pili wa barabara, ambako hakuna kitu, ili asitazame upande wenye duka la Wamae.

Vahani alifanya kazi katika kibanda kilichopakana na hoteli ya chai ya Zeynab, mama mmoja wa Kisomali. Saa zilikuwa zimening'inia ukutani, kila moja na wakati wake. Alimtazama Gicheru kwa jicho moja, jingine likiwa na lenzi.

"Mimi ndio niliweka ile bitana," Gicheru alisema akiwa bado mlangoni. "Mzee hakujua. Alisema niweke ya kijivu."

"Amekutuma useme hivyo."

"Amenituma niseme ukweli."

"Ndiyo hiyo. Kama mimi niko na mfanyakazi mzuri, pia mimi ningemtuma." Vahani alirudi kwenye saa yake. "Na wewe bendera ya Waarmenia inakuhusu nini? Ulitaka nini?"

Gicheru aliona kwamba ukweli wake mtupu hautoshi, itabidi auseme wote. "Nilikuwa na wivu," alisema. "Na wewe. Niliona ukirudi, mimi sitakuwa kitu."

Vahani aliunyosha mkono, akalichukua koti, akalifungua. Bila bitana, tumbo la koti lote lilikuwa wazi, na pale kifuani yakaonekana maandishi. Vahani alisukuma lenzi jichoni, akainama.

"Kule kwa mayatima," alisema mwishowe, bila kuinuka, "fundi aliyetufundisha alikuwa anashona majina ndani ya koti. Watu walikufa njiani, hakuna aliyejua huyu ni wa nani. Sasa alisema, kila mtu avae majina ya nyumba yake. Ukianguka, mtu atasoma, atajua nani wa kuita akuzike." Aliweka ukucha kwenye mstari wa kwanza. "Hii ni mama yangu. Hii ni mama yake Garabedi. Hii ni mimi. Hii ni yeye." Ukucha ulifika mstari wa tano, ukasimama. Alisoma polepole, kama anayetafuna kitu kigeni. "Gi-che-ru." Akainua kichwa. "Gicheru ni nani?"

Vahani hakuwa amewahi kuambiwa jina la Gicheru. Siku zote kwake alikuwa mtu wa Garabedi tu.

"Ni mimi," Gicheru alisema.

Vahani alimtazama, safari hii kwa macho yote mawili. Kisha akamnyoshea lenzi. Gicheru aliinama. Herufi hakuzijua, lakini alichokiona hakikuhitaji kusoma: katikati ya mstari wa tano, na wa nne, na wa tatu, matundu madogo yamejipanga, yale ya bandi aliyopiga Jumatano. Alikuwa amepitisha sindano yake ndani ya jina lake mwenyewe, tundu baada ya tundu, akilifunika.

"Mimi hapa Nanyuki niko miaka ishirini," Vahani alisema. "Nikishona koti, sijui ningeandika nani chini ya hawa wanne. Nilikuwa namwonea huyo mzee wivu kwa sababu yako, unajua? Watu walikuwa wananiambia, Garabedi ako na kijana wake pale Nyeri. Alimwekea cherehani miaka tatu."

Aliufungua mkebe, akanusa, akasema imeungua. Alitoa vijiko viwili. Walikula, saa zote zikigonga, na Gicheru hakuona utamu wala uchungu.

Walipomaliza, Vahani alivua lile koti alilokuwa amelivaa juu ya shati akila. "Itie bitana," alisema. "Ya kijivu, Zeynab atakuonyesha duka. Lakini hapa," akaweka kidole kifuani, "acha wazi. Jumamosi nataka kwenda nayo Nyeri. Nitamwambia yule mzee tuanze kupika upya, na asiunguze."

Jumamosi. Watakoroga, watacheka, wataimba ule wimbo. Gicheru alisikia wivu ukimchoma tena, palepale pa zamani, chini ya mbavu. Aliketi mlangoni penye mwanga, akapitisha uzi kwenye sindano, akaanza kuzungusha mshono pembeni ya yale majina matano, kwa uangalifu, asiyaguse.